Kifuniko cha Zambarau

Kila Jumanne, saa tatu na robo,
mrija wake hufika mezani pangu.
Kifuniko cha zambarau, karatasi nyeupe:
Moilanen, Jalmari. Mwaka wa kuzaliwa, uleule wangu.
Sijapata kumwona.
Nje, Kajaani imefukiwa na theluji,
na jua, kama mdeni,
linachungulia mara moja kisha linajificha.

Husema damu ni nzito kuliko maji.
Wasemao hivyo hawajaipima.
Mimi naipima. Nzito ni namba itokayo mwishoni.

Nayajua machache, yale ya kwenye fomu:
klozapini, wiki ya saba.
Yaani dawa nyingine zilikwisha kushindwa,
yaani zile sauti zilimkalia kichwani
kama wapangaji wasiolipa,
hadi hii ya mwisho ilipobisha hodi
wakaanza, mmoja mmoja, kufungasha.
Ila nayo ina kodi yake.
Mara chache, kwa mmoja kati ya wengi,
huingia hadi ubohoni
na kuzima jiko zinamopikwa chembe nyeupe.
Vitabu vya shule huziita askari.
Nimezitazama miaka kumi na tisa: hazina bunduki.
Ni wafagiaji wa alfajiri,
viini vyao vimekunjwakunjwa kama matambara.

Wiki ya saba: tatu nukta moja.
Ya nane: mbili nukta tisa.
Ya tisa: mbili nukta nane,
na mwuguzi Hilkka akaandika pembeni kwa kalamu,
*Leo amecheka. Amenunua kofia.*
Hairuhusiwi kuandika hivyo.
Sikuifuta.

Wiki ya kumi na moja mashine ikalia.
Moja nukta tisa. Manjano.
Kanuni ni hii: damu mara mbili kwa wiki,
kinywa kikaguliwe, joto lipimwe,
koo likiwasha tu, asisubiri kupambazuke.

Ijumaa nilitandaza tone juu ya kioo
nikaweka jicho kwenye hadubini.
Kidole kimoja hakivunji chawa,
nami nilikuwa nikivihesabu vidole.
Hapa kimoja.
Hapa hamna.
Hapa hamna.
Nikarudia, polepole, kama mtu apekuaye mifuko ya koti
akitafuta ufunguo anaojua ameupoteza.
Sifuri nukta nne.

Nikainua simu. Sauti yangu ilikuwa kavu, ndivyo itakiwavyo.
"Nyekundu. Isimamishwe leo. Si kesho."
Hilkka akanyamaza,
kisha akauliza lisilo la maabara:
"Na zile sauti, je?"
Sina mashine ya hilo.

Homa ilimpanda usiku uleule.
Chumba cha peke yake, barakoa mlangoni,
viuavijasumu mshipani,
na kila asubuhi sindano ya kuuamsha uboho.
Sasa damu yake ilikuja kila siku,
nami kila siku nilikuta kioo kitupu, kimefagiliwa
na asiye mfagiaji.
Siku ya tisa, ukingoni kabisa,
niliziona tatu, changa, bado zina usingizi.
Niliwaita wenzangu wote waje watazame.
Hata Terho wa mkojo alikuja, na glavu zake.

Damu ikapona.
Kwenye faili wakaandika: asipewe tena. Kamwe.

Jumanne hufika bado, saa tatu na robo.
Hakuna tena sababu ya kumhesabu.
Naweza kuapa kwamba chembe zake zimetimia,
siwezi kuapa nani amerudi kupanga.

Jana dukani, kwenye foleni ya mkate wa ngano nyeusi,
mbele ya mashine ya kukatia, alisimama mwanaume wa rika langu
akisikiliza kitu ambacho sisi wengine hatukukisikia.
Kofia ya sufu, kibandiko cha bei bado kinaning'inia.
Huenda si yeye. Mji huu una kofia nyingi.
Zamu yangu ilipofika
nikampisha.